Waya wa Laki Tatu na Waya wa Elfu Nane

Maswali ya wasomaji kuhusu redio, spika na vyombo vya sauti vya nyumbani. Anajibu fundi wetu wa Mlandege, Unguja.

SWALI: Shemeji yangu anasikia, mke wangu hasikii

Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete. Nina pleya ya CD, kigeuzi chake cha pembeni (kile kinachogeuza hesabu za dijitali kuwa sauti), ampli na spika mbili za kusimama, vyote nimenunua mtumba Unguja kidogo kidogo. Pleya na kigeuzi vimeungana kwa waya mmoja wa dijitali nilioupata kwa elfu nane. Sasa shemeji yangu kaja na waya mnene, umesukwa kwa uzi mweusi, vichwa vyake vina dhahabu. Anasema Dubai ni ghali sana ila mimi ataniachia kwa laki tatu. Tumeubadilisha na ule wangu huku tunasikiliza taarab. Yeye anasema fidla zimekuwa laini na besi imeshuka chini. Usiku ule na mimi niliona hivyo, asubuhi sikuwa na uhakika tena. Mke wangu anasema hasikii tofauti yoyote. Nitajuaje ukweli? Laki tatu ni pesa.
*Msomaji, Wete, Pemba*

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu wangu. Laki tatu ni pesa kweli, ndiyo maana nitakujibu kwa kirefu. Usitoe hata shilingi mpaka umefanya jaribio nitakalokueleza hapa chini. Mie nna hakika ukilifanya, waya utarudi kwa mwenyewe na mtabaki kuwa mashemeji wazuri.

Kwanza tuangalie kinachopita ndani ya waya huo. Kwenye waya wa spika, na kwenye ule wa vichwa vyekundu na vyeupe unaotoka kwenye kigeuzi kwenda kwenye ampli, inapita sauti yenyewe kwa umbo la umeme. Fidla ikipanda, umeme unapanda. Dumbaki likipigwa, umeme unaruka. Waya huo ukiwa mbovu, sauti inaweza kweli kuvuma, kupungua au kufifia kule juu. Lakini baina ya pleya na kigeuzi zinapita hesabu tupu. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, kulia mbali na kushoto mbali. Zidisha mwalimu: biti 1,411,200 kwa sekunde. Utaratibu wa kuzisafirisha ni ule wa Sony na Philips unaoitwa S/PDIF, nao unaongeza alama zake za kupangia na kukagulia, mzigo wote unafika biti 2,822,400 kwa sekunde. Kila biti ni sifuri au moja, basi. Umeme unaozibeba ni nusu volti tu, na chombo kinachopokea kinatakiwa kizisome sawasawa hata ukishuka mpaka volti 0.2. Waya unaweza kuchoka sana kabla hesabu hazijaanza kukosewa.

Wewe umesomesha, utanielewa nikisema hivi: ukinisomea kwa simu alama za mtihani za darasa zima, iwe simu safi au ina mkwaruzo, maadamu nimesikia 74 nitaandika 74, na mtoto hapati 74 iliyo tamu zaidi kwa sababu simu ilikuwa ya bei.

Sasa chukua maneno ya shemeji, kwamba besi imeshuka. Ili besi ibadilike na sauti za juu zibaki zilivyo, lazima kila hesabu iongezwe au ipunguzwe kwa kiasi chake, kwa kufuatana na zilizoitangulia na zinazoifuata, mara 44,100 kwa sekunde, kulia na kushoto, bila kukosea. Kazi hiyo ipo, inafanywa na programu au na kifaa kilichoundwa kuhesabu. Waya hauhesabu, hata uwe wa fedha tupu. Waya wa dijitali ukiharibika, unakosea ovyo: biti moja hapa, rundo la biti pale, na kosa la ovyo lina sauti yake. Unasikia "tki" kavu katikati ya wimbo, au sauti inakatika ghafla na kurudi, au mikwaruzo mikali isiyofuata muziki. Katika kila kifurushi cha S/PDIF mna biti moja ya ukaguzi. Kigeuzi kikiona kifurushi hakijakaa sawa, vingi hurudia kipimo kilichopita au hunyamaza kidogo. Makosa yakizidi, kigeuzi kinapoteza mshiko na unapata kimya. Ukisikia hayo, badilisha waya siku hiyo hiyo. Lakini fidla kuwa laini, kanuni, kile chombo cha nyuzi, kusogea mbele, mwimbaji kupata pumzi zaidi, hayo hayatoki kwenye waya huo.

Najua utauliza: mbona na mie nilisikia? Ulisikia, na sikukatalii. Usiku mtaa umetulia, pengine feni imezimwa, na muziki wowote unasikika kwa undani zaidi kuliko mchana. Halafu mtu akibadilisha kitu na kukwambia "hebu sikiliza fidla", wewe unazisikiliza fidla, ambazo dakika kumi nyuma ulikuwa unaziacha zipite. Na mwalimu, hili watu hawalijali: mlipokuwa mnainuka na kuchomeka na kukaa tena, kichwa hakikurudi pale pale. Katika chumba cha nyumbani besi inagonga kuta na kurudi, inajaa pembe moja na kupungua pengine. Sogea nusu hatua kwenye kochi lako hilo hilo, huku waya ni ule ule, usikie besi inavyobadilika. Ukigusa na kitufe cha sauti kidogo tu, ndiyo kabisa, maana sikio la mwanadamu likipewa sauti iliyopanda kidogo linadhani ni nzuri zaidi, na besi inaonekana imenona. Wauzaji wanalijua hilo.

Haya, jaribio. Unahitaji msaidizi asiye na upande, na mkeo ananifaa sana kwa kazi hii. Tundika khanga mbele ya vyombo ili wewe na shemeji msione waya gani umeingia. Chagua kipande cha taarab cha nusu dakika mnachokijua vizuri. Mie napenda pale kanuni inapopiga peke yake, kwa sababu kila sauti yake ina nyuzi tatu zilizotengenezwa zilingane, na ncha ya kucha ikizigusa unasikia kabisa kama kuna kitu kimekosewa. Kisha kipande chengine ambapo fidla zote zinaingia pamoja. Kabla ya kuanza, sikilizeni nyaya zote mbili mkijua ipi ni ipi, muda wowote mtakao, mpaka shemeji aseme mwenyewe kuwa tofauti ameishika.

Halafu mkeo arushe sarafu. Upande mmoja ni waya wa laki tatu, wa pili ni wa elfu nane. Aandike kwenye karatasi yake. Na hapa awe mkali: kila mara achomoe na kuchomeka, hata sarafu ikisema waya ubaki ule ule, ili muda na mlio wa kuchomeka usiwape habari. Kitufe cha sauti kisiguswe. Asiseme neno, wala asicheke. Ninyi kila mmoja aandike kwenye karatasi yake ni waya gani, bila kuambiana. Mkifanya mara 10, karatasi zifunguliwe.

Kuzisoma ni hivi. Mtu anayebahatisha tu hupata 5, na 6 au 7 ni bahati ya kawaida kabisa. Kupata 9 au zaidi kwa kubahatisha hutokea kiasi cha mara 1 katika 100, kwa hiyo shemeji akipata 9, mwambie mrudie siku nyengine, na akipata tena niandikie, kuna kitu chombo chako kinafanya na mie nitataka kukijua. Masikio yakichoka pumzikeni, mnywe kahawa, muendelee. Sikio lililochoka halitoi ushahidi.

Wenye kompyuta wana njia ya pili isiyohitaji sikio kabisa. Kuna vifaa vidogo vyenye tundu la kupokea S/PDIF. Unarekodi wimbo ule ule mara moja kwa kila waya, unazipanga faili zianzie kipimo kimoja, unaitoa moja kutoka kwa nyengine. Pale karakana nimefanya hivyo kwa nyaya za wateja, ghali na rahisi, na kwa waya uliokuwa mzima kilichobaki ni sifuri mstari mzima, hakuna hata chembe ya sauti. Ukiwa na sifuri mkononi, mjadala wa ulaini wa fidla umekwisha.

Sasa nikuelekeze laki tatu hizo pa kwenda, maana najua zinawasha mfukoni. Angalia koni za spika zako za mtumba. Pembezoni mwa koni pana pete laini inayoiunganisha na fremu. Spika nyingi za zamani pete hiyo ni ya sponji, na sponji ikishapata umri, na unyevu wetu huu ukaisaidia, inaoza. Iguse taratibu kwa ncha ya kidole. Ikiwa inanata, au inaacha unga mweusi, au unaona ufa mwembamba karibu na fremu, besi yako imeanza kupotelea hapo. Pete hubadilishwa, spika ikarudi kuwa spika. Pili, chumba. Nyumba zetu siku hizi ni vigae chini, saruji ukutani, vioo dirishani. Ukipiga kofi moja unasikia mlio unajibu. Tandika zulia au majamvi mawili baina yako na spika, weka mapazia mazito, zitoe spika kwenye pembe na uzivute kutoka ukutani kadiri chumba kinavyoruhusu. Fanya hayo hata bila ya pesa, kwa kusogeza tu, na mkeo ambaye hasikii tofauti ya waya atakuwa wa kwanza kukwambia kuna kitu kimebadilika.

SWALI: Na jita je?

Fundi, mwezi uliopita uliandika katika safu hii kwamba "biti zikifika zimefika". Nadhani umelirahisisha. Kuna jita, yaani biti kufika mapema au kuchelewa. Hesabu zinaweza kuwa sahihi lakini wakati wake ukawa mbaya, na waya mzuri husaidia hapo. Vile vile ninatumia kigeuzi cha USB na kompyuta. Watu wananiambia ninunue waya wa USB wa dhahabu. Unasemaje?
*Msomaji, Kiembesamaki*

JIBU: Swali zuri, na nimefurahi kuona kijana (nadhani wewe ni kijana) analifuatilia jambo mpaka ndani. Jita ipo kweli. Katika S/PDIF waya mmoja unabeba hesabu na saa kwa pamoja, na kigeuzi kinatakiwa kuichomoa saa kutoka kwenye mkondo huo huo. Waya usiokuwa wa omu 75 (kiwango cha ukinzani wa waya kwa umeme unaobadilika kwa kasi, ambacho S/PDIF imepangiwa) unarudisha sehemu ya umeme nyuma, unagongana na unaokuja, na kingo za biti zinayumba. Kwa hilo tuko pamoja.

Tunapoachana ni kwenye ukubwa wake. Mwaka 1998 Eric Benjamin na Benjamin Gannon, wahandisi wa Dolby, walitoa matokeo ya majaribio ya usikivu wa jita. Kwa toni moja iliyochaguliwa makusudi ili jita iwe rahisi kusikika, wasikilizaji waliozoea waliikamata ilipofika karibu na nanosekunde 10. Kwa muziki wa kawaida ilibidi iwe zaidi, kuanzia nanosekunde 20 na kupanda. Nanosekunde moja ni sekunde moja igawanywe kwa bilioni moja. Kigeuzi cha leo cha bei ya kawaida kina mzunguko wake wa kuituliza saa iliyoingia, na kinachobaki baada ya hapo ni kidogo sana kuliko viwango hivyo. Na waya wa mita moja wenye omu 75 halisi, hata wa bei ndogo, haukipi kazi kubwa. Kwa hiyo masharti yangu ya S/PDIF ni mawili: omu 75, na kichwa kilichokaza. Ukishavipata, pesa ya ziada inanunua umbo.

Kwa USB, hoja ya jita inazidi kuwa nyembamba. Vigeuzi vingi vya sasa vinafanya kazi kwa mtindo ambapo saa inakaa ndani ya kigeuzi chenyewe. Kigeuzi ndicho kinachoiamrisha kompyuta ilete hesabu kwa kasi gani, kinaziweka akiba, kinazitoa kwa saa yake. Waya hauna sauti katika jambo hilo. Linaloweza kukusumbua ni jengine: waya wa USB unabeba pia umeme wa volti 5 na waya wa chini kutoka kwenye kompyuta, na uchafu wa umeme ukipita humo unasikia mlio mwembamba kwenye spika, hasa ukisogeza mausi au diski ikifanya kazi. Chomoa chaja ya kompyuta usikilize. Mlio ukiondoka, chanzo umekipata, na ni chaja. Dhahabu haiutibu mlio huo.

SWALI: Waya wa mwanga umeondoa mvumo

Kaka fundi, niko Bububu. Tulipounga televisheni na ampli kwa waya wa dijitali wa kichwa kimoja, spika zikawa na mvumo mzito usiokwisha, hata televisheni ikiwa kimya. Mwanangu akaubadilisha kwa waya wa mwanga mwekundu, mvumo ukaondoka hapo hapo. Je, hii haioneshi kuwa waya wa mwanga una sauti bora? Na mwanga ule hauna madhara kwa wajukuu?
*Mama wa Bububu*

JIBU: Dada yangu, mwanao amefanya jambo sahihi kabisa, mpe hongera. Lakini hesabu za televisheni zilikuwa zinafika salama kwa waya wa mwanzo pia. Ulichosikia ni umeme wa nyumba. Televisheni imeungwa na dishi au antena kule juu ya paa, nayo ina njia yake ya kwenda ardhini. Ampli ina njia yake kupitia plagi. Ulipoziunganisha kwa waya wa shaba, njia mbili hizo zikafanya duara, na umeme wa hezi 50 ukaanza kuzunguka humo. Mvumo wake unapenya kwenye sehemu ya ampli yenye sauti halisi, pembeni kabisa ya hesabu. Waya wa mwanga hauna shaba baina ya ncha zake, ndani ni uzi wa plastiki wa unene wa milimita 1 tu, basi duara limekatika. Toshiba waliuleta mwaka 1983, ndiyo maana unaitwa TOSLINK.

Kwa nyumba yako wewe, huo ndio waya bora, kwa sababu hiyo. Nyumba isiyo na mvumo haitasikia tofauti.

Nakuomba sana jambo moja. Wapo mafundi wanaotibu mvumo wa namna hii kwa kuikata au kuitoa pini ya tatu ya plagi, ile ndefu ya ardhi. Usikubali. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mtoto anayegusa bati la ampli siku waya wa ndani ukigusa mwili wa chombo. Mvumo ni karaha, na karaha huvumilika.

Mwanga wenyewe ni wa taa ndogo nyekundu, dhaifu. Wajukuu wakiuona hawadhuriki, ila wasizoeshwe kuchungulia vijitaa vya vyombo. Waya usikunjwe kwa kona kali nyuma ya kabati, maana uzi wa ndani ukivunjika hautengenezeki, na ukiuchomoa urudishie vile vikofia vyake vya plastiki, vumbi lisiingie.

SWALI: Taa inawaka, sauti hakuna

Nimenunua waya wa mwanga Chake Chake, nimeunga televisheni mpya na ampli ya zamani ya stirio. Taa nyekundu naiona, lakini kimya. Muuzaji anasema waya wake mzima na ampli ndiyo mbovu. Nani mkweli?
*Msomaji, Chake Chake*

JIBU: Inawezekana vyote viwili ni vizima. Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kutuma sauti iliyofungwa kwa mtindo wa Dolby Digital, kwa ajili ya mitambo ya spika nyingi. Ampli yako ya stirio haijui kuufungua. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, tafuta pahala pa sauti ya dijitali ya kutoka, uchague PCM, yaani hesabu za sauti zisizofungwa. Sauti itakuja. Ukifika hapo na bado kimya, jaribu waya huo kwenye chombo cha jirani kabla hujagombana na muuzaji.

SWALI: "Tki, tki" friji linapowaka

Fundi, nyumba yetu ipo Nungwi, si mbali na ufukwe. Waya wangu wa dijitali haujafika hata miaka miwili. Kila friji linapowaka, redio inafanya "tki", na siku nyengine sauti inakatika sekunde nzima. Nibadilishe kigeuzi?
*Msomaji, Nungwi*

JIBU: Kigeuzi kiache kwanza. Wewe ndiye mwenye tatizo halisi la waya mwezi huu, na dalili zako ndizo nilizomwandikia mwalimu wa Wete.

Zima vyombo vyote, uchomoe waya, utoke nao nje penye jua. Tazama ndani ya kile kikombe cha kichwa, pale chuma kinapoingia kwenye plastiki. Nnaletewa vichwa hivi kutoka Nungwi, Jambiani, Paje, na hali ni moja: rangi ya kung'aa imetoboka vijitundu vidogo, na ndani ya kila kijitundu pametokea kijani. Ni shaba iliyoliwa na chumvi. Upepo wa bahari unaileta ndani ya nyumba, unyevu unaishikisha, na chini ya ule mchovyo mwembamba kazi inaendelea usiku na mchana. Ukipangusa kijani, chini yake pana kovu. Kisha vuta shingo ya kichwa taratibu huku unaipinda. Ikicheza, suka la nyuzi za kinga limeshaachana na kichwa, na kinga ikiachana, kila friji linapoanza injini yake mshtuko wa umeme unaingia moja kwa moja mahali zinapopita hesabu. Mwenye mita aiweke kwenye kupima mwendelezo, ncha moja kwenye kikombe cha huku na nyengine kwenye kikombe cha kule, apinde waya: namba ikirukaruka, jawabu hilo.

Kijani kikiwa kidogo, safisha kwa kitambaa kilicholowa spiriti ya kusafishia vyombo vya umeme, ukauke, chomeka na kuzungusha mara kadhaa kwenye tundu. Msasa usitumie, utamaliza mchovyo wote. Kikiwa kingi, au shingo inacheza, kata vichwa fundi alehemu vipya, au nunua waya mwengine. Na hapa ndipo dhahabu ina maana kwa mtu wa pwani: haishiki kutu. Mchovyo wake kwenye vichwa ni mwembamba mno, haupandishi bei kwa haki zaidi ya elfu chache, na hauongezi utamu wa sauti, lakini kichwa chako kitadumu. Friji nalo lipe soketi yake, mbali na ile ya redio. Ikiwa vyombo vyako vina tundu la mwanga, hamia huko. Plastiki haili kutu na haisikii friji.

SWALI: Waya wa njano

Nina waya wa zamani wa DVD wenye vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano. Naweza kuutumia kuunga pleya na kigeuzi?
*Msomaji, Makunduchi*

JIBU: Unaweza, tumia wa njano. Huo ulitengenezwa kwa picha, na nyaya za picha hutakiwa ziwe na omu 75, sawa na S/PDIF. Mwekundu na mweupe ni wa sauti ya kawaida, haukupimwa kwa kiwango hicho, ingawa kwa mita moja nao mara nyingi hupitisha. Kama kebo ni za kuchanika, utenganishe ule wa njano peke yake, utazame vichwa kama kuna kijani, uchomeke, uweke CD yenye kimya kirefu baina ya nyimbo. Usiposikia "tki" wala kukatika kwa CD nzima, waya umeshaupata.